Ridhaa ya Pailin

Jumanne, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Kampan alikuwa ameshika namba thelathini na saba katika ofisi ya wilaya ya Nong Phaeo, na binti yake alikuwa ameshika kikapu cha wali wa kunata. Namba iliyokuwa ikiitwa ni ya kumi na tisa. Duangta, mama wa mtoto, alikuwa ng'ambo ya barabara kwenye duka la fotokopi, kwa sababu kila karatasi ilitakiwa nakala mbili, na kila nakala isainiwe na mwenyewe kwamba ni sahihi. Mtoto jina lake Pailin. Alikuwa na miaka saba na miezi miwili, kavaa sare ya shule, na kiatu kimoja kilikuwa kinambana. Alikuwa akikilalamikia tangu kijijini.

Kampan ni fundi wa pawatila, zile trekta ndogo za kusukuma kwa mikono. Kucha zake zina grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga, na siku hiyo alizificha mapajani. Yeye na Duangta waliwahi kuwa mume na mke, au ndivyo kijiji kizima cha Don Yang kilivyojua. Miaka tisa nyuma walifungwa nyuzi nyeupe za pamba kwenye vifundo vya mikono, wazee wakawaombea heri, mahari ikapokelewa mbele ya watu, nguruwe wawili wakaliwa. Kilichobaki ni kwenda wilayani kuandikisha. Lakini kesho yake mvua ya kwanza ilinyesha, miche ya mpunga ilikuwa inasubiri, na Don Yang hakuna mtu aliyewahi kumdai mwenzake karatasi ya ndoa. Uzi ndio ndoa. Wakasahau, kama nusu ya kijiji ilivyosahau.

Pailin alipofika miaka mitatu, Duangta alikwenda Rayong kufanya kazi kiwandani. Penzi likapoa huko huko, bila matusi wala sahani kuvunjwa, na mtoto akabaki kwa baba yake. Februari iliyopita Duangta aliolewa na mwanamume mwingine. Safari hii hapakuwa na uzi hata mmoja. Waliandikisha wilayani wakati wa mapumziko ya mchana ya kiwanda, wakarudi zamu. Sasa yeye na huyo mume wamepata kazi Taiwan, ya miaka mitatu, na ndege ni ya tarehe ishirini na nane.

Kilichowaleta ofisini ni mkono. Mwaka jana Pailin alianguka akavunjika mkono, na daktari akataka saini kabla ya kumpa dawa ya usingizi na kuunga mfupa. Kampan alishika kalamu. Daktari akaichukua kalamu kwa upole. Ikabidi wamsubiri Duangta apande basi kutoka Rayong, saa tisa za njiani, na saa zote hizo Kampan alikaa pembeni ya kitanda huku mtoto akimtazama tu. Hakulia sana. Alikuwa anamtazama kama anayemngoja baba yake afanye kitu.

Basi Duangta anataka, kabla hajapanda ndege, Kampan awe na haki ya kutia saini. Asipokuwa nayo, haki itabidi apewe mama yake Duangta, anayeishi Surin, mwendo wa siku nzima. Na bibi huyo amesema wazi kwenye simu: "Saini ikiwa yangu, mtoto awe kwangu. Mimi siwezi kumtilia saini mtoto nisiyemwona." Huwezi kumlaumu. Lakini Kampan tangu siku ile hali chakula vizuri.

Namba thelathini na saba iliitwa saa tano kasoro. Msajili msaidizi alikuwa Bwana Thanet, mtu wa makamo, mpole, mwenye kibao cha jina mezani. Pembeni yake alikaa karani wake, Bi Orathai.

"Kaka Kampan, mmeoana?" Thanet aliuliza.

"Tulifungwa nyuzi."

"Nauliza kuandikisha."

"Hatukuandikisha."

"Basi mtoto ni wa mama. Wa mama peke yake."

"Jina langu si limo kwenye cheti cha kuzaliwa?"

"Limo, naliona. Cheti kinasema wewe ndiye baba. Hakisemi kama wewe ni baba kisheria."

Kampan alimtazama Duangta. Duangta akakitazama cheti, akakigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi.

"Sasa hapo tofauti ni nini?" Kampan aliuliza.

"Tofauti ndiyo iliyokuleta hapa," Thanet alisema. Akaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara mia. Njia ya kwanza, umwoe mama wa mtoto kwa kuandikisha. Hiyo imekufa, kwani mama ameandikishwa na mwingine. Njia ya pili, mama na mtoto waje wenyewe mbele ya msajili, waridhie kwa vinywa vyao. Njia ya tatu ni mahakama. "Tufanye ya pili," alisema. "Ndiyo nyepesi."

Duangta akaridhia, akatia saini mara nne. Kisha Pailin akapandishwa kwenye kiti.

"Pailin, mwanangu," Thanet alisema, "unaridhia Bwana Kampan awe baba yako kisheria?"

Pailin alifungua kinywa kujibu, akaanza kupungua. Meno mawili ya mbele aliyoota mwezi uliopita yalirudi ndani ya fizi. Miguu ikapanda kutoka sakafuni, sketi ikateremka, mkanda ukaanguka, na kabla hajatoa neno, juu ya kiti palikuwa na mtoto wa miezi mitano ndani ya shati la shule, akinyonya kola. Kiatu kilikuwa kimechomoka chenyewe.

Bi Orathai alivuta droo ya chini akatoa nepi ya kitambaa. Droo hiyo ilikuwa na nepi za saizi tatu.

"Mtoto hajafikia uwezo wa kuelewa na kuridhia," Thanet alisema huku akiandika.

"Alikuwa anaelewa sasa hivi," Kampan alisema. "Asubuhi amenisomea maandishi yote ya kituo cha mafuta."

"Sikatai, kaka. Lakini mimi naandika aliye mbele yangu."

Duangta alimpakata yule mtoto akalia kidogo. Uzito ule alikuwa ameusahau, na aliona aibu kuusahau. Wakatoka nje. Kwenye ngazi ya tatu Pailin alikuwa na miaka miwili, akaomba kushuka. Walipofika kwenye mlingoti wa bendera alikuwa na saba tena na miezi yake miwili, meno yote yapo, anatafuta kiatu.

"Mbona hukusema?" mama yake alimuuliza.

"Nilitaka kusema ndiyo," Pailin alisema. "Ile ndiyo ilikuwa kubwa, mdomo ukawa mdogo."

Walichukua namba nyingine, sitini na moja, wakala wali na nyama ya kukaanga, wakarudi ndani. Ikawa vile vile. Wakajaribu meza ya pili, ambayo kwa kweli ni ya vibali vya kuchimba visima, ikawa vile vile. Watu kwenye foleni hawakushangaa. Mama mmoja mwenye kitambulisho kilichokwisha muda aliwaambia wa kwake alikuwa akigeuka hivyo hivyo, mpaka akachoka kumleta.

Wazo la kutoa meza nje lilikuwa la Bi Orathai. Alikuwa na wajukuu, na roho ilimuuma. Sheria, alisema, inataka mbele ya msajili, haikusema ndani ya ofisi. Thanet alifikiri, akakiri kwamba ni kweli haikusema. Watu wanne wakaibeba meza mpaka uani, karibu na mlingoti, na kitabu cha usajili, na muhuri. Pailin alisimama mbele ya meza akiwa na miaka saba, anatafuna. Kampan alishusha pumzi kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha Thanet akaweka kibao chake mezani, na mtoto akaanza kushuka.

Thanet alikiondoa kibao. Mtoto akapanda. Akakirudisha, mtoto akashuka.

"Basi kiache hicho kibao, mzee," Kampan alimsihi.

"Bila kibao mimi ni Thanet tu," alisema yule bwana, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Na Thanet hana mamlaka ya kusajili hata kuku."

Meza ikarudishwa ndani. Ilikuwa saa nane. Thanet akawaandikia barua ya kwenda mahakamani, kwamba mtoto hawezi kuridhia kwa sababu ya udogo.

Mahakama ya watoto na familia iko mjini mkoani. Mwanasheria wa msaada, kijana mwenye mkoba mkubwa, aliwaandalia ombi, na kwa bahati kesi ikapata nafasi wiki mbili baadaye, siku tano kabla ya ndege. Afisa ustawi alikuwa ameshakwenda Don Yang kukagua. Aliandika kwamba nyumba ni safi, mtoto ana afya, na baba anasuka nywele vibaya. Kila kitu kilikuwa upande wao. Mama hapingi, baba anaomba, kilichobaki ni mtoto aulizwe.

Jaji alikuwa mwanamke mwenye miwani, na alijitahidi asimtishe mtoto. Aliinama mbele. "Pailin, mahakama inataka kujua unataka kuishi na nani."

Safari hii Pailin aliongezeka. Kufikia neno kujua alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, vifungo vya shati vikiruka kimoja kimoja. Kufikia mwisho wa swali, kizimbani palisimama bibi wa miaka sabini na ushei, nywele nyeupe zimekatwa fupi, meno mekundu kwa tambuu. Karani wa mahakama alimletea kitambaa cha kujifunga, akajifunga mwenyewe kwa mkono wa mazoea. Sauti ilikuwa nzito kidogo, lakini ilikuwa yake.

"Nataka kwa baba," alisema yule bibi. "Mama nampenda, simnyimi haki yake. Ila kwa baba ndiko kwetu. Anajua sipendi yai lililoiva sana. Akinisuka anavuta, lakini nikimwambia polepole anaanza upya. Nikiota vibaya anakuja bila kuitwa. Mimi sijui sheria, bibie. Nimeulizwa nataka nini, ndicho hicho."

Kampan hakujua ashike nini. Yule bibi alikuwa mtoto wake, lakini pua na mikunjo ya mdomo ilikuwa ya marehemu mama yake mzazi, na kwa umri alimzidi mbali. Alijikuta ameunganisha viganja kifuani na kumwamkia kwa heshima. Pailin akaitikia kwa kichwa, kama wanavyoitikia wakubwa.

Jaji alivua miwani akaifuta. "Kwa mwaka huu sijasikia ushahidi ulionyooka kama huu," alisema. "Lakini shahidi ni mtu mzima. Mtu mzima hayuko chini ya malezi ya mtu yeyote, si ya mama, si ya baba. Ombi lililo mbele yangu linahusu mtoto, na mimi hapa sioni mtoto. Nalitupa. Mnaweza kulileta tena mtoto akipatikana."

"Wilayani walisema ni mdogo mno," Duangta alisema. Alikuwa amesimama bila kuambiwa asimame.

"Hilo ni la wilayani, mama."

"Sasa sisi twende wapi, ambako ana miaka yake?"

Jaji alirudisha miwani machoni. Ilionekana anatafuta jibu kwa dhati, akapekua hata kitabu. Kisha akaita kesi inayofuata. Pailin alirudi kuwa na saba kwenye maegesho ya pikipiki, na Kampan akamfunga shati kwa pini tatu.

Zilibaki siku nne. Bibi wa Surin alikuwa ameshafua mapazia ya chumba cha mjukuu, akapiga simu kusema hivyo, na Kampan alimjibu vizuri, kisha akaenda nyuma ya banda la mashine akakaa. Kuna watu wanaopigana wakikosa njia. Kampan si wa hao. Alikaa tu, akifungua na kufunga boliti moja ambayo haikuwa na tatizo.

Siku iliyofuata Thanet mwenyewe alipiga simu. Alikuwa amekumbuka fomu. Ipo fomu ya mama anayesafiri, alisema, ya kumkabidhi mtu malezi na saini, hospitali na shule. Waje upesi. Wakaenda. Pailin wakamwacha uani.

"Hapa unachagua uhusiano," Thanet alisema, akielekeza kwa kalamu. "Bibi, babu, mama mdogo, mjomba, mwalimu, jirani."

"Baba hayumo?" Kampan aliuliza.

"Hayumo. Baba hakabidhiwi mtoto wake. Anakuwa naye tayari."

"Lakini mimi si ulisema si baba?"

"Kisheria si baba."

"Basi niandike baba asiye wa kisheria."

"Kaka, siwezi kumwandika baba ambaye si baba kwenye fomu ambayo baba haihitaji." Thanet alisimama hapo, akairudia sentensi yake polepole kwa midomo, akaonekana naye hana hakika. Duangta aliinamisha uso mezani.

"Sasa mimi ni nani?" Kampan aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua, ili aende akajibu hivyo hivyo popote atakapoulizwa.

Thanet alishuka na kalamu kwenye orodha. Bibi si yeye. Mjomba si yeye. Mwalimu si yeye. Ni Bi Orathai aliyesema, bila kuinua macho kwenye mafaili yake: "Jirani."

Kisha Thanet akasema inawezekana, ila jirani haruhusiwi kuwa na namba moja ya nyumba na mtoto. Pailin alikuwa ameandikwa kwenye kitabu cha wakazi wa nyumba namba arobaini na nane, ambayo ndiyo ya Kampan. Ikabidi jina lihamishiwe namba arobaini na nane mkato mbili, nyumba ya dada yake Kampan aliye Bangkok, ambayo imefungwa mwaka wa tatu huu. Ukuta kwa ukuta, hatua sita kupitia kwenye ua wa mchaichai. Dada mtu aliridhia kwa simu moja tu. Fomu ilikamilika kwa dakika kumi, kwa kuwa haikuhitaji ridhaa ya mtoto. Pailin alibaki uani, akiruka kamba na watoto wa watu wa foleni, na umri wake haukutikisika.

Bibi wa Surin aliposikia saini amepewa jirani hakuteta. Majirani anawaamini, alisema, na akarudisha mapazia kabatini.

Tarehe ishirini na nane alfajiri Duangta alipanda basi la kwenda uwanja wa ndege. Alikuwa amemkumbatia Pailin mpaka kondakta akakohoa.

"Nisamehe kwa hiyo karatasi," alimwambia Kampan. "Tungekwenda tu siku ile. Ilikuwa mvua tu."

"Miche ingekauka," Kampan alisema. "Panda basi, Duangta. Nitamtunza."

Tangu wiki hiyo vitu vya Pailin vilianza kuhama. Kampan aliweka kikombe chake rafuni jioni, asubuhi akakikuta kwenye rafu ya nyumba ya pili. Mkeka ulikwenda, daftari zikafuata, kisha mswaki. Mtoto mwenyewe alikula na kulala kwa baba yake kama zamani, lakini akicheka, kicheko kilisikika kutokea namba arobaini na nane mkato mbili, kupitia dirisha la shangazi. Kampan alizoea. Akitaka kumsikia vizuri alikwenda kusimama kwenye mchaichai.

Mwezi wa saba, mvua zikiwa zimekolea, Pailin alishikwa na homa ya dengi, ile ya mbu. Siku ya tatu vidoti vyekundu vikamtoka miguuni, na Kampan akampakia kwenye pikipiki, amemfunga mgongoni kwa shuka. Hospitalini nesi alishika ubao wake wa karatasi.

"Wewe ni nani yake?"

"Jirani," Kampan alisema, na akatoa karatasi.

Nesi aliisoma. "Sawa. Tia saini hapa, na hapa, na hapa chini."

Akatia saini. Hakuna aliyemnyang'anya kalamu. Dripu ilikuwa mkononi mwa mtoto kabla wino haujakauka, na Kampan alifurahi. Akakaa kwenye kiti, akamshika mtoto vidole vya mkono ule usio na sindano. Furaha ilidumu mchana kutwa. Alimlisha uji, akamfuta jasho, na alipoombwa ampeleke msalani alimbeba yeye na chupa ya dripu yake.

Saa kumi na mbili kasorobo, wodi nzima, ndugu wa wagonjwa walianza kutandika mikeka chini ya vitanda, kama kawaida. Kampan naye akatandika wake. Nesi alikuja akachutama karibu naye.

"Kaka, kulala ni ndugu tu. Majirani mwisho saa kumi na mbili, warudi kesho saa nne."

"Huyu ni mwanangu."

Nesi alichukua karatasi kutoka miguuni pa kitanda, akaisoma tena yote. Akamtazama Kampan, akamtazama Pailin. "Naona," alisema. "Mmefanana mpaka masikio. Hata mimi ningependa ulale. Lakini saini umetia kama jirani, na nikiibadilisha hii, saini ya dripu inakuwa si halali, itabidi niitoe."

Kampan aliitazama dripu. Ilikuwa inadondoka vizuri. Akakunja mkeka.

"Unaenda wapi, baba?" Pailin aliuliza. Sauti ilitokea mbali, kama ilivyozoea siku hizi.

"Hapo nje tu. Asubuhi saa nne nitakuja."

"Kwa nini saa nne?"

"Ndiyo saa yetu."

Alitandika mkeka barazani, karibu na mashine ya maji ya kunywa, mahali ambapo mlango wa wodi unaonekana. Wauguzi wa zamu ya usiku waliingia mara tatu. Walibadilisha chupa, wakapima joto, wakaandika. Mtoto alikuwa macho, anatazama mlangoni. Hakuna aliyemuuliza anataka nini, kwa hiyo alibaki na miaka yake saba mpaka asubuhi.